Jino lililokufa likawa jeusi: wifi na rafiki, nani anasema kweli?

Swali: «Jambo munganga. Niko na miaka 26, naishi Ndosho, hapa Goma. Nilipokuwa na miaka 14 moto (pikipiki) ilituangusha kule Majengo, nikapiga mdomo chini. Jino la mbele la kuume halikuvunjika, lakini pole pole likageuka rangi, leo ni la kijivu kabisa. Miaka mitatu iliyopita fizi ilivimba juu yake, wakatoa neva, wakaliziba, halinisumbui tena. Ndoa yangu ni mwezi wa kumi na mbili na kwenye picha zote mimi ni mdomo umefungwa. Rafiki yangu anasema ninunue jeli ya kusafisha meno Birere. Wifi yangu anasema jino lililokufa ukilitia dawa mzizi unaliwa, linaanguka. Nani anasema kweli?»

Jibu: Dada, wifi yako ameshika nusu ya ukweli. Rafiki yako hajashika kitu.

Jino lililokufa husafishika, na mara nyingi huitikia vizuri. Lakini dawa yake huwekwa ndani ya jino, si juu yake, na anayeiweka ni daktari wa meno. Hiyo habari ya mzizi kuliwa nayo si uzushi wa mtaani. Imeandikwa na wataalamu tangu 1979, na sababu zake zinajulikana kiasi cha kutosha kuikwepa. Kwa hiyo usiulize tu kama dawa ni hatari. Uliza nani ataziba nini kabla ya kuiweka, na nani ataliangalia jino hilo miaka inayofuata.

Tuanze na weusi wenyewe. Siku ile ulipoanguka, mishipa midogo inayoingia kwenye jino kupitia ncha ya mzizi iliumia au ilikatika. Damu ikavuja ndani ya kiini, ile nyama laini yenye neva katikati ya jino, ikapenya kwenye vijitundu vidogo mno vilivyojaa kwenye dentini, yaani ile sehemu ngumu iliyo chini ya enameli, ganda la nje. Humo ndani chembe za damu zikavunjika, chuma chake kikabaki, na jino likaanza kubadilika, mwishowe kijivu. Kiini chenyewe kilipooza kiliongeza uchafu wake. Wakati mwingine tunaongeza sisi madaktari: dawa ya kuzibia mizizi ikiachwa imepanda hadi kwenye taji la jino, sehemu inayoonekana mdomoni, nayo hutia rangi kadiri miaka inavyokwenda.

Weusi ukiwa ndani, mswaki haufiki. Mkaa unakwangua enameli, ndimu inaila, na ukimaliza jino ni lile lile la kijivu, ila sasa limechakaa. Jeli ya Birere ina kasoro nyingine ambayo watu hawaioni mpaka wamelipa: inang'arisha meno ya jirani. Hayo yakiwa meupe zaidi, la kijivu linajitokeza kuliko mwanzo. Na mara nyingi hakuna anayejua kilichomo. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya 2011 inakataza jeli yenye peroksidi ya haidrojeni, ile dawa inayong'arisha, zaidi ya asilimia 6, na kuanzia juu ya asilimia 0.1 inauzwa kwa daktari wa meno tu, wala haitumiwi kwa walio chini ya miaka 18. Kitubu kisicho na kiwango wala tarehe, kilichokaa juani kwenye meza ya muuzaji, kinaweza kuwa maji matupu au kinaweza kukuunguza fizi.

Nisimame kidogo kwa ajili ya wengine wanaosoma, maana si kila jino lenye rangi limekufa. Jino lililopigwa likawa la manjano, si kijivu, mara nyingi bado liko hai: limejijengea dentini ndani mpaka mfereji wake umekuwa mwembamba. Hilo halitobolewi kwa sababu ya rangi tu. Na ukiona madoa meupe au ya kahawia kwenye meno mengi, pande zote mbili, hiyo kwa kawaida ni floridi ya utotoni. Kwetu hapa ni jambo la kila siku, kwa sababu moshi wa volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira una gesi zenye floridi, mvua inazishusha, na watu wanakinga maji hayo hayo ya mabati kwa kunywa. Hayo yana tiba yake, lakini siyo hii.

Sasa turudi kwako. Kabla ya lolote, unapigwa radio ya jino, yaani eksirei. Picha hiyo inatazamwa kwa mambo mawili. Kwanza, kazi ya mzizi iliyofanywa miaka mitatu iliyopita: gutapecha, yaani ule utomvu kama mpira unaojaza mfereji wa mzizi, imefika karibu na ncha, imejaa bila mapengo, na mfupa pale ncha ulikovimba umepona? Kama kuna kivuli cheusi kwenye ncha au ujazo umeishia njiani, mzizi unatibiwa upya kwanza. Hapa sina mjadala. Kung'arisha jino ambalo mzizi wake una usaha ni kupaka rangi tu, na dawa itakuta njia wazi. Pili, shingo ya jino, pale fizi inapolishika: je, tayari kuna mahali palipoliwa? Ajali yenyewe inaweza kula mzizi bila dawa yoyote. Picha ya kabla ndiyo ushahidi wako. Isipokuwepo, kesho likitokea jambo hakuna atakayejua lilianza lini.

Picha ikiwa nzuri, kazi inakwenda hivi. Pazia la mpira linavishwa kwenye jino ili mate yasiingie na dawa isitoke. Jino linafunguliwa kwa nyuma, upande wa ulimi, kwa tundu lile lile la zamani. Daktari anaondoa kompoziti yote ya zamani, yaani kizibo cha rangi ya jino, na mabaki ya dawa ya mzizi yaliyojibana kwenye pembe za juu za chumba cha jino. Mara nyingi sehemu ya weusi inaondoka hapo hapo. Kisha anaikata gutapecha mpaka kama milimita 2 chini ya shingo. Hakisii: anapima kwa kijiti chenye alama za milimita, kwanza nje kwenye fizi, halafu ndani ya tundu.

Juu ya gutapecha anaweka kizuizi cha simenti, kwa kawaida glasi ionoma, unene wa milimita 2 hivi. Ukikumbuka kitu kimoja tu katika barua hii, kumbuka kizuizi. Gutapecha peke yake haizuii dawa kushuka. Na umbo la kizuizi lina maana yake: mpaka wa enameli na mzizi haukunyooka kuzunguka jino; ubavuni, jino linapogusana na jirani, unasogea kuelekea makali ya jino kuliko mbele na nyuma. Kizuizi kilichowekwa bapa kinaacha vijitundu vya ubavuni wazi. Fundi mwenye subira anakifuatisha mpaka huo.

Ndipo dawa inapoingia. Unga wa perborati ya sodiamu unachanganywa na maji safi mpaka uwe kama mchanga uliolowa, unashindiliwa ndani, unyevu unanyonywa kwa pamba, na juu panafungwa kwa kizibo cha muda kisichopungua milimita 3. Unakwenda nyumbani, na dawa inafanya kazi ukiwa umelala. Unarudi baada ya siku 3 hadi 7, wanabadilisha. Ziara 2 hadi 4 zinatosha wengi. Ikifika ya nne na rangi haijasogea, sababu itafutwe, badala ya kuongeza nguvu ya dawa.

Hayo ya nguvu ndiyo yanatupeleka kwa wifi yako. Daktari wa meno aitwaye Spasser alieleza njia hii ya perborati na maji mwaka 1961. Mwaka 1963 wenzake wawili, Nutting na Poe, wakaondoa maji, wakaweka peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 30, ili mambo yaende mbio. Wengine walikuwa wakitia peroksidi hiyo kali na kuipasha moto ndani ya jino kwa chuma au taa. Kasi ilikuwepo kweli. Mwaka 1979 watafiti Harrington na Natkin wakaonyesha meno 7 yaliyong'arishwa kwa njia kali kisha yakakutwa yameliwa mizizi kutoka nje, pale shingoni, miaka 2 hadi 7 baada ya kazi.

Inatokeaje? Katika meno mengi enameli na simenti ya mzizi, yaani gamba lake la asili, zinakutana au zinapandana. Lakini karibu jino 1 kati ya 10 lina pengo pale, na dentini iko uchi chini ya fizi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba peroksidi kali inapita kwenye vijitundu, inatokea pengoni, inachoma nyama inayolishika jino, na mwili unaleta chembe zake zinazokula mfupa. Hizo zinaanza kula mzizi. Moto unaharakisha kupenya huko. Jeraha la zamani, kama lako, limekwishaharibu sehemu ya ngozi ya mzizi, kwa hiyo njia inakuwa fupi zaidi. Na vijana wadogo, ambao vijitundu vyao bado ni vipana, wako hatarini kuliko mtu wa umri wako.

Ni wangapi hasa? Mtafiti Friedman na wenzake mwaka 1988 walifuatilia meno 58 yaliyong'arishwa, wakakuta 4 yameliwa. Heithersay na wenzake mwaka 1994 walitazama meno 204, nako wakakuta 4, na yote manne yalikuwa yamewahi kupigwa. Kwa upande mwingine, Holmstrup na wenzake huko Denmark mwaka 1988 walitumia perborati na maji tu, wakafuatilia kwa miaka 3, na hawakukuta hata mzizi mmoja ulioliwa. Ndiyo maana mimi sitii peroksidi ya asilimia 30 ndani ya jino la mtu, wala sipashi moto, hata mgonjwa akiniomba tumalize leo. Maji yanafika pale pale. Tofauti ni ziara moja au mbili.

Kwa hiyo usiwe na hofu, lakini usijione huna hatari. Ulianguka, jino lilipigwa, na hilo linakuweka upande wa wanaopaswa kufuatiliwa kwa makini. Tena kuna jambo la hila hapa: jino lako halina neva. Mwenye meno mazima akizidisha dawa anasikia baridi inamchoma, anaacha. Wewe hutasikia kitu. Mzizi ukianza kuliwa pia hausikii, kwa miaka. Usinihesabie kutoumwa kama dalili kwamba mambo ni salama; kinachosema ukweli ni radio. Ukiona doa la waridi karibu na fizi, au fizi inatoa damu pale pale kila ukipiga mswaki, usingoje tarehe yako.

Ukienda kwa daktari, mwulize waziwazi, kwa heshima, kabla hajakukalisha kitini: utapiga radio kwanza? Utaweka kizuizi juu ya gutapecha? Dawa ni ipi na nguvu yake ni kiasi gani, na utatumia taa au moto? Daktari anayeijua kazi hii hatachukia maswali hayo. Atakayekujibu kwamba ana dawa ya nusu saa na huhitaji picha, msalimie vizuri uondoke. Uliza pia bei ya kazi yote pamoja, na ziara na radio na kizibo cha mwisho, maana wengine wanataja bei ya siku ya kwanza tu, halafu mtu anakosa pesa katikati na kubaki na kizibo cha muda miezi mitatu.

Wengine watakupa jeli ya peroksidi ya kabamidi badala ya perborati. Si kosa. Ya asilimia 10 inatoa peroksidi ya haidrojeni kama asilimia 3.5 hivi, ni ya upole. Huko Ulaya wengi wamehamia huko kwa sababu perborati imewekwa kwenye kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi. Kiasi kinachofungwa ndani ya jino ni kidogo mno, lakini kama utakuwa umeshika mimba au unanyonyesha, ahirisha. Hakuna jino la urembo linalofaa kuharakishwa wakati huo.

Hatari nyingine ni ndogo, ila zinasumbua. Dawa kali ikigusa fizi inaacha doa jeupe linalowaka. Suuza kwa maji mengi, kwa kawaida linapona lenyewe baada ya siku chache. Jino lililotobolewa ni jepesi kuvunjika, na dawa inaidhoofisha dentini kwa muda, basi wiki hizo usitafune muwa kwa meno ya mbele, using'ate mahindi ya kuchoma, na chupa ya Fanta ifunguliwe na kifungulio. Rangi nayo inaweza kurudi kidogo kwa miaka, hasa kizibo kikivuja. Ndiyo maana tunaling'arisha jino liwe jeupe kidogo kuliko jirani yake, kisha tunaliacha litulie.

Kuhusu ndoa yako, hesabu ni rahisi. Kizibo cha kudumu cha kompoziti hakiwekwi siku dawa inapotolewa. Oksijeni iliyobaki ndani ya dentini inaizuia kompoziti kushika sawasawa. Inangojewa kama wiki 2, na katika muda huo chumba kinajazwa kalsiamu haidroksidi chini ya kizibo cha muda. Ukiweka na ziara zenyewe, mwezi mmoja na nusu unakwisha bila mtu kuchelewa. Anza mwezi wa kumi mapema. Kama radio itaonyesha mzizi unataka kutibiwa upya, hesabu hiyo inaanza baada ya hapo, na huenda ndoa ikafika jino likiwa bado. Lakini usikubali lipigwe dawa kali wiki ya mwisho ili liwahi.

Wapo watakaokushauri uvishwe kuroni, yaani kofia ya jino, moja kwa moja. Kuroni ni kitu kizuri kwa jino lililobaki ganda. Lako halikuvunjika kwa jinsi ulivyoeleza, na kuroni inataka kulisaga pande zote milimita 1 hadi 2, ukishasaga, hurudishi. Dawa ikishindwa, kuroni bado ipo. Ukianza na kuroni, mlango wa kurudi kwenye dawa umefungwa. Na tukizungumzia kompoziti au kuroni ambayo mtu anayo tayari, jua haibadiliki rangi kwa dawa yoyote ile. Linalobadilika ni jino lenyewe tu.

Baada ya kazi, radio ya kwanza ni miezi 6, halafu kila mwaka, miaka kadhaa. Najua watu wetu wanahama: leo Goma, kesho Bukavu, kesho kutwa Kampala, na faili zinabaki nyuma au zinapotea. Basi usiitegemee faili ya kliniki. Omba kila picha, ipige kwa simu yako, andika tarehe na aina ya dawa iliyotumika, na ujitumie mwenyewe ili isipotee na simu. Daktari wa mji mwingine akiona ile ya kwanza na ya leo pamoja, anaona kwa dakika moja kama shingo ya jino imebadilika. Mzizi ulioliwa ukikutwa ungali mdogo, pale panaweza kusafishwa na kuzibwa. Ukikutwa umechelewa, hapo ndipo maneno ya wifi yako yanapotimia.

La mwisho ni la vitendo. Siku za dawa, gesi inayotoka ndani inaweza kusukuma kizibo cha muda kikachomoka, hata ukiwa ndani ya boti unakwenda Bukavu. Suuza kwa maji, utupe, usimeze. Usilijaze tundu pamba, wala sabuni ya meno, wala ubani wa kutafuna. Kula upande mwingine, na tafuta daktari wa meno siku hiyo au kesho yake. Mwambie ndani kuna perborati na chini kuna kizuizi cha ionoma, asikichimbe.